Punje Nyekundu Itanijia Mimi

Jumatatu, 8 Novemba 1976

Plau ya kijiji imefika hapa Nkololo. Moja tu! Na balozi wetu anasimamia nyumba kumi. Mvua i karibu. Atakayechelewa kulima, pamba yake ataisikia kwa majirani. Balozi katia punje kumi za mahindi kwenye kibuyu: tisa nyeupe, moja nyekundu. Atakayeitoa nyekundu analima kwanza. Nikajipanga mwisho kabisa. Akili hiyo! Wajinga wamalize nyeupe, nyekundu inisubiri.

Mashimba, jirani yangu mwenye maringo, alikuwa wa pili. Akaitoa. Mimi sikuondoka kwenye mstari, nikatumbukiza mkono zamu yangu ilipofika. Nyeupe. Wamenicheka mpaka balozi kakaa chini.

Jumanne, 9 Novemba

Nimemlalamikia balozi. Inakuwaje mtu aingize mkono kwenye kibuyu kisicho na nyekundu? Kakubali! Kesho, kura ya zamu ya pili, kila anayetoa nyeupe atairudisha, kibuyu kitikiswe, ndipo afuate mwingine.

Jioni kaja Mashimba. Tangu aanze kisomo cha watu wazima amekuwa profesa. Ati jana kila punje iliyotoka ilibadilisha bahati ya anayefuata. Kesho zikirudishwa, kibuyu kinaanza upya kwa kila mtu, hakikumbuki nani kakosa. Ati niwahi mbele kabla mwingine hajaitoa. Adui akikuhimiza kuwahi, chelewa.

Jumatano, 10 Novemba

Nimewapisha watu. Nyeupe, nyeupe, nyeupe! Subira huvuta heri. Zamu yangu ikafika, nyuma yangu kabaki Kwandu, yule mjane. Nikampisha naye, apunguze nyeupe moja ya mwisho.

Katoa nyekundu.

Mke wangu Nyanjige kanipa jembe la mkono. Nimeumia roho, kusema kweli.

Ijumaa, 12 Novemba

Mgongo wangu! Mvua imenyesha. Kwandu kamaliza shamba lake mapema, kaniletea plau na maksai mpaka mlangoni. Kasema nilime kabla ya kura ya Jumatatu, balozi hana neno.

Nimekataa. Mtu aliyekosa mara mbili mfululizo ana bahati kubwa imemlundikia. Niimwage yote kwa plau ya huruma?

Nyanjige kamshukuru Kwandu, kaswaga maksai mwenyewe, analima upande wake wa karanga. Mimi nimekwenda kwa balozi kumwomba Jumatatu aniweke wa mwisho.