Tanuri la Taifa Nyuma ya Nyumba ya Kajetani

Kijiwe cha kahawa cha Mwanne, pale Mfaranyaki, huwa hakiamki mpaka basi la Dar liingie Songea na gazeti la juzi. Msomaji wake ni mmoja tu, Mzee Kajetani, karani mstaafu aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Siku hiyo alisoma kwamba mipango ya serikali ya kupata mtambo wa taifa wa kupima vifaa vya ujenzi kwa moto iko mbioni.

"Iko mbioni tangu enzi za foleni ya sukari," alisema Muhsini, mfanyabiashara wa Tunduru aitwaye Bei Huru. "Sukari sasa imejaa kila duka, mipango yenyewe bado inakimbia. Inakimbilia wapi, Mzee Redio?"

Benchi zima likacheka, isipokuwa Hironimus, fundi seremala, ambaye hapo kijiweni ni Randa. Yeye habari ile ilimkata maini. Shule moja ya wasichana ilikuwa tayari kumpa kazi ya milango ishirini na minne ya bweni, kazi ambayo hajawahi hata kuiota, ila kwa sharti: kabla mwezi haujaisha alete cheti kwamba mlango wake unazuia moto nusu saa. Kwa mkaguzi wa serikali alishakwenda mara nne. Kila mara aliambiwa cheti hutoka baada ya kipimo, kipimo hufanywa na mtambo, na mtambo ndio huo ulio mbioni. Huku nyumbani mbao za mninga zilikuwa zimejaa hadi sebuleni, na mkewe Oliva anapita kiubavuubavu.

"Kwani mtambo wenyewe ni kitu gani?" Mwanne aliuliza huku akimimina.

"Tanuri," Redio alimjibu kwa sauti ya taarifa ya habari. "Unaweka mlango mbele, unawasha moto, unatazama saa."

Mwanne akaliweka birika chini. "Na lile la matofali ulilopanga nyuma ya nyumba yako, unalotaka kulichoma Jumamosi, lile ni kabati?"

Jumamosi kijiwe chote kilihamia kwa Redio. Yule mkaguzi, kijana aitwaye Remmy, alikuja amefunga tai, ana saa aliyoiazima kwa mwalimu wa michezo. Mlango uliegemezwa kwenye midomo ya tanuri la matofali, Bei Huru akawa anasukuma magogo upande wa pili, na Redio akatangaza kila dakika kana kwamba ni mpira wa fainali. Randa hakuweza kutazama. Alijificha nyuma ya mgomba, anatafuna ukingo wa kofia yake. Dakika ya thelathini Mwanne alibandika kiganja mgongoni mwa mlango.

"Vuguvugu," alisema. "Kahawa yangu inaunguza kuliko huu."

Remmy aliandika yote, akapeleka ripoti Dar kwa basi. Redio naye akaomba abaki na ule mlango, maana ulikuwa umekuwa mweusi upande mmoja tu.

Wiki mbili baadaye gazeti lilikuja na habari kwamba taifa limepata mtambo wake wa kwanza wa kupima moto, uko Songea, na mgeni rasmi atakuja Ijumaa kuufungua na kutoa vyeti. Randa alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Ndipo akaona Redio amelikunja gazeti na, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, amezimika.

"Mzee, mbona hivyo?"

"Hivi huko Dar hawajui kwamba matofali yakishaiva tanuri linabomolewa?" Redio alinong'ona. "Tanuri si ndiyo matofali yenyewe? Mimi nimeshajenga choo."

"Yote?"

"Hata tofali la kuwekea kopo."

Randa alihesabu siku kwa vidole. Mwezi ulikuwa unaisha Jumapili. Remmy alipofika na kuelezwa, alisahau hata kuwaamkia wazee. Alikaa tu chini akisema ataugua kuanzia Alhamisi. Randa, ambaye alishaiona milango yake ishirini na minne ikienda na maji, akauliza polepole.

"Matofali yapo?"

"Yapo."

"Na mlango wangu?"

"Ndio uliofunga choo."

"Basi mtambo upo," Randa alisema. "Umebadili mkao tu."

Ijumaa choo kilikuwa kimepakwa chokaa, na utepe umefungwa kwenye mlango mweusi. Mgeni rasmi, mtu wa haraka mwenye suti ya Kaunda, aliusifu mtambo kwa kuchukua nafasi ndogo. Akauliza joto linakwenda wapi, na Bei Huru, bila kupepesa macho, akamwambia sehemu kubwa huelekea chini. Akakata utepe, hakufungua, maana chakula kilikuwa kinapoa, akatia saini cheti namba moja juu ya mgongo wa Remmy. Randa alikipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka na hakuyaficha, na kwa kuwa hakuthubutu kumkumbatia mgeni, aliukumbatia mlango, akarudi kwa Oliva na masizi mpaka kidevuni.

Kabla ya kuondoka mgeni aliupiga mlango kufuli. Mali ya taifa, alisema. Anayetaka kuingia aombe kwa maandishi.

Jumatatu Redio alikunywa kahawa yake amesimama, amebana magoti. Remmy alipopita, Redio alimuuliza kuhusu barua yake ya kuomba kuingia, aliyoipeleka tangu Ijumaa ile ile jioni, nakala tatu.

"Tumeipokea, Mzee," Remmy alijibu kwa heshima zote. "Iko mbioni."

Mwanne akanyoosha mkono na kumpokonya Redio kikombe.