Nyoka Sita wa Buluu

Jumatatu, 4 Agosti

Mayai sita yameanguliwa, watoto sita wametoka, na wote ni wa buluu. Nimewatazama mara nne na miwani, mara moja bila miwani. Buluu.

Hawa ni nyoka wa mahindi, wale wa kufugwa nyumbani. Hawana sumu wala kiburi. Wazazi wao aliniachia kitinda mimba wangu alipohama, miaka mitatu iliyopita. Alisema atawafuata mwezi ujao. Baba nyoka ni mwekundu kama tofali, mama nyoka vilevile. Buluu haimo katika ukoo huo. Kwa hiyo hii ni rangi mpya, na aliyeigundua ni mimi, ambaye shule sikuingia hata kwa kupotea njia. Herufi nilijifunzia kwenye daftari la vipimo vya wateja: bega, kifua, kiuno.

Nimetoa nyuzi zangu zote za cherehani, nikazilaza migongoni mwao moja baada ya nyingine. Uliolingana ni uzi wa sketi za sare ya shule. Hapo hakuna ubishi.

Nikamtumia kitinda mimba picha. Miezi mitano nampigia hapokei. Leo, dakika mbili hazikupita, kapiga mwenyewe. Kasema anakuja Jumamosi, tena na mjukuu wangu, mwenye miaka miwili na nusu, ambaye mimi namjua kwa picha tu.

Sikulia. Niliosha sufuria lililokuwa safi.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Saa amekuja. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wafuga nyoka hapa mtaani. Chama kina watu watano, yeye anajiona waziri. Kabandika jichoni kile kioo chake cha kutazamia saa, akamgeuza mtoto mmoja tumbo juu, akaguna. Eti dada yangu, rangi ya nyoka haisemwi kabla hajavua gamba la kwanza. Eti ningoje wiki. Nikamwambia rangi nimezitazama miaka arobaini, na hakuna mteja aliyeniambia ningoje kwanza avue ngozi.

Akauliza nimewatandikia nini. Nikamjibu vipande vya kitambaa kipya kabisa, nimevilowesha vizuri tangu wakiwa mayai, si kama yeye anayelaza viumbe wa watu kwenye gazeti. Akaguna tena.

Nikamfukuza. Alipofika mlangoni nikaona shati linavyomning'inia kama liko kwenye kamba, nikamrudisha ale. Kala sahani mbili, na bado akaondoka anaguna.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Mmoja kavua gamba. Gamba la buluu liko pembeni, mwenyewe katoka mwekundu kama baba yake, ananitazama kana kwamba hatujawahi kujuana.

Nikalishika lile gamba. Vidole vikawa vya buluu. Nikavitazama vile vipande vya sare. Nikavitazama vidole. Nikakaa chini.

Muuza vitambaa aliniapia mbele ya watu kwamba kitambaa hiki hakitoi rangi. Tutaonana.

Fundi Saa asijue. Kitinda mimba ndiyo kabisa asijue. Nimewaza hivi: nyoka mmoja wa buluu anatosha kumleta mtoto kwa bibi yake. Akishaingia ndani, akishakaa mapajani pangu, nani atauliza habari za nyoka?

Ijumaa, 8 Agosti

Wengine watatu wamevua. Wote wanne nimewatia kwenye kopo la vifungo, nikatoboa kifuniko, nikampelekea Fundi Saa. Nikamwambia wana mafua, anitunzie hadi Jumapili. Akauliza hawa wekundu wametoka wapi. Nikamwambia mgonjwa huuguzwa, haulizwi rangi.

Wawili waliobaki nimewaongezea maji kwenye kitambaa.

Mchana nimeshona kigauni. Mabega nimeyakisia kwa picha.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaja. Peke yake.

Mtoto kapelekwa kwa bibi yake mwingine, mzaa mama, kwa sababu kule kuna bembea. Mimi nina cherehani.

Kitinda mimba hakukaa. Kanisalimu huku anafungua kisanduku. Kamweka nyoka kiganjani, kampiga picha huku na huku, na kwa nusu saa nzima nikawa naongea na kisogo chake. Lakini alikuwa anatabasamu, kile kisogo chake nakijua. Ningeridhika na hicho.

Ndipo Fundi Saa akabisha hodi, kopo mkononi. Kasikia mwenye nyoka kafika, akaona awarudishe wagonjwa. Wazima kabisa, eti, mafua hawana, wekundu wa kawaida tu, ila walimchafulia taulo kwa buluu.

Mwanangu akalitazama kopo. Akakitazama kiganja chake. Akaniuliza, Mama, umewapaka rangi? Nikamwambia si mimi, ni sare.

Hakucheka. Laiti angecheka. Kasema keshawatangazia watu kazini. Kasema mimi siwezi kuachiwa hata kuku, sembuse nyoka. Kawabeba wote, wazazi na watoto, na visanduku vyao. Chakula nilimfungia, kakiacha kwenye kiti. Kigauni nikamsukumia kifuani. Kakinyoosha, kasema kidogo, mtoto kakua. Tena siku hizi hataki rangi nyingine ila zambarau.

Fundi Saa kabaki kuomba radhi. Nimemwambia mdomo wake ni mrefu kuliko nyoka wake wote. Kisha nikampa kile chakula.

Jumatatu, 11 Agosti

Fundi Saa kaniletea watoto wawili wa nyoka, wa kwake mwenyewe, wametoka kwenye mayai jana. Kasema nyumba isikae kimya hivi. Kasema ni wa kawaida, hadi babu na bibi zao anawajua, na tafadhali dada yangu, gazeti. Haya, gazeti. Nimemshukuru kwa roho moja, na mimi si mtu wa kushukuru.

Jioni jua likapita dirishani, likamwangukia yule mdogo ubavuni. Nikasogea. Nikasogea zaidi.

Zambarau.

Fundi Saa anasema ni kivuli cha pazia, nisubiri avue gamba. Mtu wa saa kazi yake ni kusubiri. Mimi picha nimeshaituma, nimeandika: zambarau tupu, haijapata kuonekana, mlete mtoto aone. Alama ya kwamba kasoma imetokea.

Hajajibu bado. Atakuwa anamvalisha mtoto viatu.