Msaidizi Aliyekataa Kumpita Mzee

Jumatatu, 4 Agosti 2014. Kasulu.

Nimeona muujiza. Mimi, Makarius, niliyeandikia magazeti barua kibao za kukilaani Kiingereza! Nilifungua kitabu cha sarufi nikitafuta pa kushambulia. Nikasoma mpaka chai ikapoa.

Lile "do"! Peke yake pale halina maana yoyote. Lakini liondoe, na Mwingereza hawezi kukuuliza unakaa wapi. Na akitokea "she", "do" hilo ndilo linalovaa "s", kitenzi kikuu kinavuliwa. Kofia moja kwa msafara mzima! Kitenzi chetu hubeba kila kitu chenyewe, nafsi, wakati, kukanusha, kama mama anayepanda mlima wa Heru Juu na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Wao wana wapagazi. Nimevua miwani, nimeifuta, nimesoma tena. Ni kama kuingia kwa adui yako ukakuta nyumba yake nzuri.

Mke wangu Immakulata kauliza kama naumwa.

Jumanne, 5 Agosti.

Ukumbi wa parokia unatafuta mwalimu wa Kiingereza, darasa la jioni la watu wazima. Tumejitokeza wawili. Mimi na Nurudini, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye Kiingereza chake kakisoma kwenye maboksi ya vipuri! Jumamosi kila mmoja atafundisha mbele ya Mama Zuhra, afisa elimu ya watu wazima, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga.

Tangu nigombane na mkuu wa shule nikaacha kazi, hakuna aniitaye Mwalimu. Vijana wa bodaboda wananiita Mzee Magazeti. Nalitaka jina langu. Basi.

Nurudini kapita akaniambia nisijichoshe, kaka, watu wanataka kuongea, si kubishana. Mpuuzi.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimepata! Maneno yatatembea. Kila mwanafunzi atashika kibao chenye neno, wapange mstari: "he", "has", "eaten". Amekula. Kisha nitapiga kofi. Msaidizi, yaani kitenzi kisaidizi "has", atatoka alipo, atampita "he", atasimama mbele yake. Swali limezaliwa! Hakuna aliyeongezwa, hakuna aliyepunguzwa. Nimejaribu kwa vikombe mezani, mwili ukanisisimka.

Wachezaji: "he" ni Mzee Ildefonsi, kwa ajili ya zile ndevu. "Eaten" ni Athuman fundi cherehani, kwa ajili ya kile kitambi. "Has" ni Recho, ana sauti ya kufika Manyovu mpakani.

Immakulata kauliza, Baba Gasper, huyo Recho si mkamwana wa Mzee Ildefonsi? Nikamjibu sarufi haina wakwe. Akasema haya, akarudi kwenye maharage yake.

Ijumaa, 8 Agosti.

Nane Nane. Mji mzima uko kwenye maonyesho. Mimi napaka rangi vibao. Nimemwona Nurudini akitafuna mahindi ya kuchoma, hana habari. Atalia.

Jumamosi, 9 Agosti.

Nurudini alianza. Salamu, bei, salamu tena. Mtupu.

Zamu yangu. Nilieleza kwa moto, hata Mama Zuhra akaacha kalamu. Wachezaji wakajipanga. Nikapiga kofi.

Recho hakusogea.

Nikapiga tena. Akainamisha macho. Akasema kwa upole hawezi kumpita baba mkwe mbele ya uso wake, tena hadharani. Nikamwambia wewe sasa si Recho, wewe ni "has"! Akajibu kwamba hata "has" ana kwao. Ukumbi ukacheka. Akaongeza kuwa swali lenyewe huliuliza kila jioni, baba amekula? Humuuliza mama mkwe, jikoni, kwa adabu. Sasa miguu inatakiwa ya nini?

Nikamwomba mzee ndiye arudi nyuma. Mzee Ildefonsi akauliza, mwanangu, nimpishe mkwe wangu njia nimekosa nini?

Nilihutubia. Nilizitaja mila zinazolirudisha taifa nyuma. Kadiri nilivyopaza sauti, Recho alizidi kusogelea ukuta.

Ndipo Nurudini akainuka. Akasema shemeji, tulia hapo hapo. Akachukua kibao cha Recho, akachukua cha mzee, akavibadilisha. Hakuna aliyeinua mguu!

Nikapiga kelele kwamba mwenye ndevu hawezi kuwa msaidizi. Mzee Ildefonsi akasema aachwe, maisha yake yote amehudumiwa, leo angependa kusaidia kidogo. Ukumbi ukasoma kwa pamoja, "Has he eaten?" Athuman akajipigapiga kitambi: "Yes, he has!"

Nani alimfundisha? "Eaten" mwenyewe kajiacha nje ya jibu! Msaidizi kabaki peke yake kabeba sentensi nzima. Nywele zilinisimama. Nilitaka kuwakumbatia wote, isipokuwa mmoja.

Mama Zuhra akasema maelezo yangu hajawahi kusikia mfano wake, niyaandike. Wa kufundisha ni Nurudini.

Jumapili, 10 Agosti.

Nje ya kanisa akina mama wanaulizana, "Has he? Has he?" na kuchekeana. Nimesimama nyuma ya ukuta nikisikiliza. Tamu ajabu. Kisha mmoja akasema, Mwalimu Nurudini anajua. Nimerudi nyumbani bila kusalimia mtu.

Jumanne, 12 Agosti.

Nimeligundua kosa. Ukumbi ulikuwa mwembamba! Recho angepata nafasi ya kupita mbali kidogo, leo ningekuwa Mwalimu.

Kibondo nao wanatafuta mtu. Onyesho ni Jumamosi, kijijini Kumsenga, uwanjani, mbele ya watu wote. Sentensi mpya: "She can dance." "She" lazima awe mwanamke anayeheshimiwa kuliko wote pale, nami nimempata bila shida: mama mkwe wangu, anayeishi huko huko. Nimemtumia ujumbe aje uwanjani, kakubali bila kujua ni kwa ajili gani. Kwa "can" sikupata mtu jasiri, kwa hiyo nitakuwa mimi mwenyewe. Nitapiga kofi, nitampita mbele, swali litazaliwa.

Immakulata kaacha maharage yake. Kasema safari hii anakuja kutazama.

Sioni kikwazo chochote.