Ombi la Kuondolewa Chumba cha Kamera kwa Ajili ya Baba Mkwe

Kwa Muuguzi Mkuu,
Hospitalini kwetu.

Ndugu Muuguzi Mkuu,

Kuhusu: Kuhamishwa kutoka chumba cha kamera ya tumbo, ikiwezekana kabla ya Alhamisi

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mgongo wako haujambo na kwamba birika la ofisini kwako limeshatengenezwa. Mimi ni yule muuguzi mnene kidogo wa chumba cha endoskopia, aliyepiga chafya kwenye mkutano ulipokuwa unazungumzia usafi. Naandika kuomba uniondoe chumbani humo. Kazi sijaichoka. Tatizo ni kwamba kuna mgonjwa mmoja ambaye hataingia maadamu mimi nimo, na mgonjwa huyo ni baba mkwe wangu. Anatoa damu chooni, daktari amemwandikia kipimo cha utumbo mpana, naye amegoma. Naogopa sana, na mimi nikiogopa huandika kwa kirefu, kwa hiyo univumilie.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa kuandika ripoti.

1. Nalalamika kwamba kazi hii imenifuata nyumbani. Mume wangu alinunua mpira wa kumwagilia maua. Siku hiyohiyo niliuzamisha kwenye beseni kuangalia kama unavuja, nikaupitishia brashi ndani, nikausuuza, nikauning'iniza wima ndani ya kabati la nguo ili ukauke, kama tunavyoufanyia mpira wa kamera kazini. Mume wangu alifungua kabati kutafuta shati, akatazama, akafunga, akaenda kazini na shati la jana. Nadhani ameshazoea.

2. Unajua mwenyewe kwamba baada ya kipimo cha njia ya chini, tumbo la mgonjwa hujaa hewa, na ni jukumu langu kumtia moyo aitoe bila kuona haya. Nisijisifu, lakini nina sauti ya kazi hiyo. Sasa shemeji yangu alimleta bosi wake nyumbani kula. Bosi akainama kuokota kijiko, ikamtoka. Watu wote wakatazama dari. Mimi nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa upole wote wa kitaaluma, "Hongera sana baba, endelea, usibane." Shemeji hajaniongelesha mpaka leo. Nalalamika kwamba nilipoajiriwa hakuna aliyenionya kuhusu madhara haya.

3. Nalalamika kwamba sithaminiwi, ilhali mimi ndiye mchangamfu wa meza yetu. Wenzangu wa nyumbani hurudi kutoka kazini wamenuna, mimi narudi na habari. Niliwasimulia kuhusu yule mwalimu mkuu ambaye dawa ya usingizi ilipomkolea aliimba wimbo wa kubembeleza watoto, ubeti kwa ubeti, kisha akamwita daktari mama. Jina sikulitaja, maana maadili ya kazi nayajua. Nilisema tu kwamba ana pengo na baiskeli nyekundu. Walicheka wote isipokuwa baba mkwe, ambaye alichukua sahani yake akahamia barazani. Tangu siku hiyo anakula huko. Nikajua ni ile haya ya mkwe, kwa sababu mzee wetu ni mtu wa heshima. Akitaka kupita kwenye korido huku mimi natoka kuoga, huanza kukohoa tangu jikoni.

4. Sasa nifike penyewe. Wiki iliyopita baba mkwe alikunywa dawa yote ya kusafisha tumbo na kuhamia chooni na redio yake. Mume wangu, kwa kumtuliza, alikuwa amemwambia kwamba siku ya kipimo mimi nina mapumziko. Ilikuwa kweli, ila mimi kwa kiherehere changu nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nimshike mzee mkono. Niliondoka nyumbani yeye akiwa bado chooni. Akafika chumba chetu cha kamera amenyoa ndevu na viatu vinang'aa. Akabisha hodi. Nikafungua mimi, nimevaa aproni ya plastiki na glavu, nikitabasamu.

Alivua kofia. Akaniambia amepita tu kuuliza saa.

Ndugu Muuguzi Mkuu, baba mkwe ni fundi saa. Alikuwa na saa mkononi na nyingine mfukoni. Nilimtajia saa, akanishukuru, akaondoka kwa mwendo ambao yeyote aliyewahi kunywa dawa ile ataelewa sababu yake.

5. Nalalamika kwamba kila nilichojaribu baada ya hapo ili aikubali nafasi mpya aliyopangiwa Alhamisi kilinishinda. Nilimweleza kwa lugha ya ufundi wake kwamba kamera yetu ni kama ile lenzi anayoibana jichoni: unafungua, unatazama, unafunga, mwenye saa anakwenda zake. Akanijibu kwamba saa haina mkamwana. Nikakosa la kusema, jambo ambalo mama mkwe anasema hajawahi kulishuhudia.

6. Hili si lalamiko, lakini sijui niliweke wapi. Mimi husimama kando ya kile kitanda, mkono mmoja ukibonyeza tumbo la mtu ili mpira upite kona, macho yakiwa kwenye skrini. Nimeona kinyama kidogo kama punje ya dengu. Daktari anakikata kwa waya, mimi nakipokea kwenye kichupa, mgonjwa anaamka na kuomba chai. Nimeona pia cha mtu aliyengoja, na siku hiyo chumba kizima kilinyamaza, hata mimi. Nampenda mzee huyu. Aliponipokea nilikuwa bibi harusi nisiyejua hata kupika maharage. Alikula yale maharage mabichi na kuomba aongezewe. Sitaki ngojangoja hii imuue kwa sababu ya sura yangu mlangoni.

7. Kwa hiyo naomba unihamishie kliniki ya macho, ambako mtu anaweza kutazamwa na mkwe wake bila kuvua kitu zaidi ya miwani. Kama huko kumejaa, nipeleke chumba cha kufulia, mradi nipate barua yenye mhuri ya kumwonyesha mzee. Hilo nalo likishindikana, nitundikiwe pazia, nikae nyuma yake na kupitisha vifaa kwenye tundu bila kutoa sauti. Ila nakiri kwamba kukaa bila kutoa sauti sijawahi kukujaribu.

Na yote yakishindikana, nimefikiria sana nikaona njia moja tu iliyobaki. Mume wangu aniache kwa asubuhi moja. Nikishaachwa, mimi na baba mkwe ni watu baki, atapimwa bila wasiwasi, na baada ya chakula cha mchana tunaoana upya. Hospitali itoe mashahidi tu. Nilipomweleza mume wangu alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akauliza kama asubuhi hiyo inaweza kuvutwa mpaka Jumapili.

Naomba majibu mapema. Wasalimie wote hapo ofisini: katibu wako, dada wa mapokezi na kikohozi chake, mlinzi wa geti la nyuma, na daktari wetu, umwambie koleo ndogo aliyoitafuta juzi nilikuwa nayo mfukoni. Watoto wako pia, hasa yule anayeota meno.

Ni mimi, mwenye kuomba na mwenye kusumbua,

Muuguzi wa chumba cha kamera, zamu ya asubuhi.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mama mkwe barua hii sebuleni, anipimie kama ina adabu. Dirisha lilikuwa wazi, na baba mkwe alikuwa barazani. Akaingia, akaketi mezani mahali pake pa zamani, akaniambia: "Mwanangu, mimi sikukimbia mkwe. Nilipougua homa, si wewe uliyenibadilishia shuka? Niliona haya? Nilichokimbia ni meza hii. Yule wa baiskeli nyekundu aliniletea saa yake wiki ileile. Nilimkabidhi huku natazama ukuta. Mtu mzima wa watu, kosa lake ameimba tu. Nikajiuliza, mimi nitachekwa siku gani?"

Mama mkwe alinisogezea glasi ya maji.

Atakuja Alhamisi. Anataka niwemo ndani na nimshike mkono, mradi jioni yake mezani nizungumzie mvua. Kwa hiyo ombi la uhamisho nalifuta, na talaka pia nimeifuta, mume wangu ameshaarifiwa. Tafadhali niweke zamu ya Alhamisi. Ningeandika barua upya, lakini karatasi zimeniishia na zamu unazipanga leo, kwa hiyo naomba hii uichane kabla ya kuisoma. Ila kama umeshafika hapa, basi umeshajua habari za damu ya mzee na za choo chake, na aliyekwambia ni mimi. Nakuomba kile ambacho yule mwalimu hakukipata kwangu: usimsimulie mtu.