Injini Iliyozaa Oili

Jumatatu, 11 Novemba

Saa 224. Zimebaki 76. Nimehesabu mara nne, ya tano kwa vidole. Injini ninayoijaribu isiposimama, itamaliza saa 300 Alhamisi mchana. Ijumaa ni tarehe 15, msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, na Michigan nzima itakuwa porini isipokuwa wagonjwa na wajinga.

Baba ana miaka themanini na moja. Amesema safari hii ndiyo ya mwisho, kisha bunduki anaitundika. Anataka nikae naye kwenye kibanda cha kuvizia kama zamani. Nimemwahidi.

Tatizo ni Denise Trombley wa chumba cha pili. Naye anajaribu injini kama yangu, ya gari lile lile la kasi. Bosi wetu, Bwana Haapala, ametoa sheria: atakayetangulia kumaliza ndiye anayepata ruhusa ya tarehe 15. Mwingine anabaki kulinda mitambo. Trombley yuko saa 223. Nimemzidi saa moja nzima! Amenisalimia akitabasamu. Mtu aliye nyuma anatabasamia nini?

Jumanne, 12 Novemba

Sikulala. Injini imefungwa kwenye fremu ndani ya chumba cha zege, imekanyagiwa mafuta hadi mwisho usiku na mchana, bomba la moshi jekundu kama kaa la moto. Mimi niko nje ya kioo, nasikiliza. Kila mlio naudhani msiba.

Asubuhi huwa inazimwa kidogo. Tunamwaga oili, tunaipima kwenye mizani, tunairudisha. Ikipungua zaidi ya gramu 200, jaribio linasimama na injini inachunguzwa siku mbili. Juzi ilipungua 120. Jana 150. Leo 180! Hata mtoto wa chekechea anajua kesho ni ngapi.

Trombley alichungulia daftari langu. "Pole mwenzangu, yako inakunywa kama iko harusini." Yake imepungua gramu 60. Nikamwambia injini yenye afya lazima inywe. Alicheka hadi akakohoa.

Jumatano, 13 Novemba

Mpango: gramu 50 tu za oili ile ile, kutoka pipa lile lile, nizitie kabla ya kupima. Nani atajua? Nilizibeba kwenye chupa yangu ya kahawa ili nisitiliwe shaka. Kwa bahati mbaya niliijaza, maana pipa linamwaga kwa pupa.

Injini ikazimwa. Nikaingia, nikafungua kifuniko, nikainamisha chupa taratibu. Taratibu kabisa! Mlango ukafunguka. Trombley. Anauliza kama nimeona koleo lake. Nikashtuka, chupa nzima ikaingia. Nikasema sijaona koleo lolote maishani mwangu. Akaitazama chupa, akauliza tangu lini nainywesha injini kahawa. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama cha mbuzi.

Mizani: imeongezeka gramu 390.

Haapala akapima tena. Akaleta mizani ya Trombley, akapima tena. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa miaka ishirini na tisa ameona injini zikinywa oili, zikiitema, zikipasuka, lakini hajawahi kuona inayozaa. Nikapendekeza labda ni baridi. Akaichungulia tena mizani. Kisha rangi ikambadilika: petroli inavuja, inaingia kwenye oili! Gari litakufa kabla halijazaliwa! Akapiga simu ghorofa ya juu. Amri: msiwashe, fungueni.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikafungua mdomo, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Alhamisi, 14 Novemba

Wahandisi kumi na mmoja wameacha kazi zao. Injini imefunguliwa boliti kwa boliti, vipande vimepangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Pistoni safi. Beringi safi. Basi ndiyo wanazidi kuogopa, maana ugonjwa usioonekana ndio mbaya. Mama mmoja wa makamo, aliyezichora pistoni hizo, alifuta machozi. Nilitamani sakafu inimeze.

Saa saba injini ya Trombley ikamaliza. Watu wakapiga makofi. Saa nane yakaja majibu ya maabara: hakuna petroli. Ila kuna maji, sukari na krimu ya vanila.

Wote wakanigeukia. Kumbe jengo zima linajua ninavyokunywa kahawa.

Nikakiri yote, hadi ahadi niliyompa Baba. Haapala hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Norbert, bwana, ungeniambia tu kwamba ni mambo ya mzee wako. Mimi siwindi. Ningekaa mimi." Sasa haiwezekani. Nianze kesho, injini mbili mpya, moja baada ya nyingine, saa 600, hadi tarehe 10 Desemba. Suala la kunifukuza litajadiliwa baadaye, kwa kuwa wanaohusika wote wameshaondoka kwenda porini.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa 0. Halafu 1. Jengo tupu.

Baba alipiga simu saa nne. Trombley alimpitia, kwa vile ni njia yake, na akakaa naye kibandani. Baba amepiga dume la pembe zenye ncha nane! Sijamsikia akiwa na furaha hivyo tangu Mama afariki. Anasema Trombley anajua kukaa kimya, si kama watu wengine. Bunduki haitundiki tena. Tarehe 6 Desemba, msimu wa kuwinda kwa gobore, wanarudi. Wao wawili. Nikauliza, na mimi je? Akasema, nikipata nafasi.

Nililia kidogo. Mlio wa injini ulinisitiri.

Kisha nikawaza kwa utulivu. Kosa langu liko wazi kabisa: nilihangaika na oili, kumbe wa kuhangaika naye ni kile kisanduku kinachohesabu saa. Nimekichunguza. Kimeshikwa na skrubu mbili tu, na bisibisi ninayo.