Masafa ya Muzee Massoudi

Jumatatu, 6 Oktoba
Ushindi! Muzee Massoudi, mwenye leseni ya ile redio ndogo ya hapa Mutakura, kakubali nitumie masafa yake bure. Sharti moja: redio yake ikiongea, mimi kimya. Ikinyamaza, niongee. Nisikilize kwanza, kila mara. Nimeapa. Nitamposa Chanelle hewani kwa kamtambo kangu ka kurushia sauti, mtaa mzima ukisikia. Alishaniambia hataki mwanaume wa kunong'ona.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesikiliza tangu asubuhi. Hakuna ukimya! Mtangazaji ni Arnaud, ambaye naye anamtaka Chanelle. Huyo mtu hapumui. Saa sita kanywa maji, nikapata sekunde tatu. Nikasema mimi Valéry ni... Akarudi na tangazo la mchele wa Buterere. Sasa watoto wananiita Mchele. Mushenzi yule!

Jumatano, 8 Oktoba
Baa ya jirani inapiga muziki, sisikii kitu. Nimeingia na karedio kangu ndani ya pipa tupu la chuma, nikafunga kifuniko. Ajabu! Arnaud kanyamaza. Nikafungua, akarudi. Nikafunga, kimya. Mara saba! Ananiogopa, mwoga mkubwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeongea dakika arobaini nikiwa pipani. Antena ya kamtambo juu ya bati, mimi chini na jasho langu. Nimetoka nikisubiri vigelegele. Kwa kina Chanelle nimekuta watu wanalia! Kumbe Arnaud alikuwa hewani muda wote, anasoma tangazo la kifo cha muzee wa Gasenyi. Sauti zetu zimechanganyika, watu wamesikia eti familia inasikitika kuwatangazia kwamba Chanelle anaolewa na Valéry, mazishi Jumamosi saa nne. Wameleta Fanta na michango. Chanelle kapewa pole na watu zaidi ya thelathini. Kazipokea zote.

Ijumaa, 10 Oktoba
Muzee Massoudi kaninyang'anya masafa. Eti apana, sikusikiliza. Nimesikiliza sana! Nikamwonyesha pipa. Kalitazama, kanitazama mimi, kaniambia mutoto, nenda nyumbani ulale. Tulikuwa nyumbani kwangu! Roho imeniuma, jamani. Hii ni fitina ya Arnaud.

Jumapili, 12 Oktoba
Chanelle kasema hataki kuisikia sauti yangu tena. Hajanisikia vizuri, ndiyo shida. Nimepata dawa. Uwanja wa ndege nao una masafa, na ndege zenyewe chache. Kesho namposa upya. Safari hii nimekuwa mwangalifu: nimesikiliza masafa hayo pipani saa nzima. Kimya kabisa! Kwa tundu nililotoboa la kupumulia nimeona ndege mbili zikitua. Hazikusema neno.