Macho ya Vani

Jumatatu, 6 Mei
Balaa. Baba mkwe ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa maelezo ya mke wangu sasa anamwona mbu aliye ukuta wa pili. Nimefurahi. Nimefurahi kwa kama dakika tatu, mpaka nilipoambiwa kwamba Jumapili anakuja, na kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni vani.

Vani hiyo alitupatia yeye siku ya harusi yetu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kila akiuliza hali yake, najibu: Baba, iko vilevile kama ulivyotukabidhi. Miaka sita ameishi na ukungu machoni. Miaka sita nimedanganya kwa raha zangu.

Nimetoka nje kuikagua. Bodi haijambo, ukisimama mbali. Tatizo ni vioo vya pembeni. Yale magamba ya plastiki yaliyokuwa meusi ti yamepauka kama visigino visivyojua mafuta. Na baba mkwe, dereva mstaafu, husema vioo ndiyo macho ya gari. Hapo ndipo anapoanzia kutazama.

Siku sita. Vioo viwili. Nini kitanishinda?

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda kwa fundi rangi wa mtaa wa nyuma, nikauliza kijanja, kana kwamba ni kwa niaba ya rafiki. Akasema rafiki yangu aoshe plastiki kwa sabuni, aikwangue kwa msasa laini na maji, apake rangi ya msingi, kisha apulize nyeusi mara tatu, nyembamba nyembamba, kila mara akingoja ikauke. Siku tatu. Akaongeza kwamba rafiki yangu asijaribu njia ya mkato, maana mimi ananifahamu.

Siku tatu! Nimerudi nyumbani, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia, nikasugua. Dakika kumi. Weusi wa ajabu! Nikamwita mke wangu ashuhudie. Akatazama, akauliza kama nafahamu kwamba hayo mafuta yalikuwa ya wiki nzima. Wivu tu.

Jumatano, 8 Mei
Vumbi lote la mtaa limehamia kwenye vioo. Vimeota manyoya. Paka wa jirani nimemkuta juu ya boneti akilamba cha kushoto kwa bidii ya mwajiriwa mpya.

Na hapo hapo akafika shemeji! Huyu ni kaka wa mke wangu; tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutoa hotuba. Akaizunguka vani, mikono nyuma. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba mali ya mzee inahitaji mtunzaji, na kwamba Jumapili atamshauri baba aihamishie kwake, kwa maslahi mapana ya familia. Akampapasa paka kama vile wamekubaliana.

Haiwezekani. Kesho napiga rangi.

Alhamisi, 9 Mei
Kopo la rangi ya kupuliza, nyeusi. Mafuta nimeyapangusa kwa shati kuukuu (mke wangu anadai ni jipya). Rangi ya msingi nimeiruka. Si itafunikwa? Nani ataiona? Kwenye vioo vyenyewe nimebandika magazeti.

Upepo ulikuwa unanisubiri. Gazeti limeruka nikiwa nimeshabonyeza. Hasara: kioo cha kulia hakionyeshi kitu, shuka lililokuwa kwenye kamba lina wingu la mvua, na sikio langu moja ni jeusi.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Halafu akaleta mafuta ya taa na kitambaa, akanisafisha sikio taratibu, kisha kioo, akasema baba yake angenipenda hata kama gari lingebaki usukani tu. Nimemwomba asinilegeze katikati ya vita.

Ijumaa, 10 Mei
Malengelenge! Rangi imevimba, imepasuka, inabanduka vipande vipande. Fundi rangi amepita, akaikwaruza kwa ukucha, akanusa kidole, akauliza rafiki yangu alikuwa anakaanga nini. Kisha akatoa msasa na kopo la rangi ya msingi lililobaki robo, akasema nimfikishie. Mtu mwema. Nimemwomba radhi kwa niaba ya rafiki.

Nimefungua vioo vyote, nikavileta meza ya jikoni. Mke wangu akachukua kimoja bila kuombwa. Tumekwangua mpaka jioni, karai la maji katikati yetu, tukipiga soga kama wachumba. Chake kimekuwa laini kama yai. Changu kina mabonde.

Jumamosi, 11 Mei
Rangi ya msingi: safi! Nyeusi ya kwanza: safi! Ya pili: safi! Fundi alisema ningoje ikauke kabisa kabla ya kupuliza ya tatu. Nimengoja dakika kumi na mbili, nikachukua draya ya nywele ya mke wangu kuharakisha mambo. Ikapuliza joto, na pamoja na joto, nywele zote zilizokuwa zimejificha ndani yake. Kioo changu kimeota ndevu. Nimezing'oa moja moja kwa kibanio.

Nimevirudisha. Cha mke wangu kushoto. Changu kulia, na vani nimeiegesha upande huo wa kulia ukikaribia kugusa ukuta.

Jumapili, 12 Mei
Baba mkwe amefika na Mheshimiwa. Akavua miwani ya jua. Akanitazama, akasema nimenenepa. Akamtazama binti yake, kwa muda mrefu. Sote tukajifanya tunaangalia lango.

Halafu vani. Akajipenyeza upande wa ukuta. Sikujua amekonda hivyo. Akapitisha kidole kwenye kioo changu. Mheshimiwa akakohoa: "Baba, kuhusu suala zima la utunzaji..."

"Ngoja kwanza. Nani kakwangua hivi?"

Nikasema mimi.

"Mwanangu, hivi vioo vilipauka hata kabla sijakupa. Asubuhi ya harusi nilivisugua kwa dawa ya viatu, nikaomba mvua isinyeshe mpaka muondoke. Kila ukisema viko vilevile, nasema moyoni, huyu kijana kaniona, ila ana adabu."

Akacheka hadi machozi, mke wangu akamkimbilia na leso maana daktari kakataza. Mheshimiwa akajaribu kuendelea na hoja. Mzee akampa miwani amshikie. Vani inabaki!

Jumatatu, 13 Mei
Nimeapa: ukweli, subira, kufuata maelekezo. Mtu mpya kabisa.

Asubuhi, akiaga, baba mkwe alisema mwezi ujao daktari akimruhusu atakuja kuiendesha mwenyewe. Akauliza kama gia ya kurudi nyuma bado inaingia vizuri. Nikasikia mdomo wangu ukijibu: Baba, laini kama siagi.

Haijaingia tangu mwaka juzi. Huwa tunasukuma.

Lakini mwezi mzima! Nimeanza leo hii, peke yangu, bila kumsumbua fundi. Nimefungua boliti sita. Mkononi ninazo saba. Dalili nzuri.